Faneli ya Pistoni

Baba alipokwisha kuzikwa, ndugu walikaa uani wakagawana vilivyobaki: ng'ombe, baiskeli, mizani, mabati ya stoo. Ilipofika zamu yangu nilisema nataka faneli ya dukani. Kaka zangu wakatazamana. Mmoja akauliza kama huko mjini ninakoishi watu bado wanapimiana mafuta ya taa. Mwingine akasema kusoma sana humfanya mtu aishie kuokota makopo. Wakacheka, nami nikacheka kidogo ili mambo yaishe, kisha nikaenda kuichukua kabla mtu hajabadili mawazo.

Duka lilikuwa halijafunguliwa tangu alipolazwa. Pipa lilikuwa tupu, lakini harufu haikuwa imeondoka. Ilinipokea mlangoni kama mwenyeji. Watoto wenzangu wa Kagongwa baba zao walinuka ng'ombe, tumbaku au vumbi la pamba. Wangu alinukia mafuta ya taa. Nilipokuwa mdogo niliamini kwamba mwanga wa jioni katika nyumba zote za jirani ulitoka mwilini mwake, kwamba alimmiminia kila mteja kidogo cha nafsi yake. Nilipokuwa na homa niliomba aniwekee kiganja usoni ili niinuse harufu hiyo nipate kulala. Nilimpenda baba yangu kwa pua kabla sijajua kumpima kwa kitu kingine.

Faneli ilikuwa imening'inia kwenye msumari wake. Haikuwa faneli ya kununua. Ilikuwa pistoni ya pikipiki, kile kikombe cha aluminiamu kinachopanda na kushuka ndani ya injini, iliyogeuzwa kichwa chini. Katikati ya kichwa chake mlikuwa na tundu, na chini ya tundu hilo Baba alikuwa ameunga kimrija cha bati kwa risasi ya kulehemia. Anayetazama kwa makini ataona kwamba tundu halikutobolewa kwa keekee. Kingo zake zimeyeyuka na kujikunja, kama nta iliyoguswa na moto. Sehemu kubwa ya utoto wangu nilishika chupa za wateja chini ya tundu hilo, na muda huo wote nilimsikia Baba akiwaambia, "Hiki ndicho kichwa cha dada yangu Milembe. Kina tundu, ndiyo maana hakikushika kitu." Wateja walicheka. Wengine walirudi kununua kabla chupa hazijaisha, ili wasikie tena.

Shangazi Milembe alikuwa mdogo wa Baba. Aliolewa mapema, akaachwa kwa sababu mtoto hakupatikana, akaenda kufagia kwenye kiwanda cha kuchambua pamba. Huko alianza kwa kufagia karibu na injini, baadaye akafuta injini, baadaye akashika spana wakati fundi amelewa. Aliporudi nyumbani alikuwa na sanduku la spana kichwani badala ya nguo. Akajijengea kibanda cha mabati ubavuni mwa duka letu, na baada ya muda wachimbaji kutoka Mwakitolyo na kwingineko wakaanza kumletea pikipiki zilizochoshwa na mchanga. Walikuja na kelele zao na fedha zao za dhahabu, wakakaa juu ya matairi, wakamtania, naye akawatania. Lililomuuma Baba sikuliona wakati ule, ingawa lilikuwa likitamkwa kila siku masikioni mwangu. Wasafiri walioshuka barabarani hawakuuliza tena njia ya kwenda dukani kwa Baba Limi. Waliuliza njia ya kwenda kwa Milembe. Hata waliotaka chumvi waliuliza kwa Milembe.

Limi ni mimi. Nilikuwa na umri wa kutumwa spana na kukosea.

Kila mwaka, pamba ikishauzwa na mbuga ikishakauka, palikuwa na mashindano ya pikipiki pale mnadani: kutoka kwenye uwanja wa ng'ombe hadi relini na kurudi. Wanawake wa kwetu tangu zamani hushindana kwa baiskeli, wala hakuna anayeshangaa. Pikipiki lilikuwa jambo la wanaume. Mshindi wa siku zote alikuwa Masunga, kijana aliyeendesha pikipiki ya mnunuzi wa dhahabu, na siku moja, akiwa amekaa juu ya tairi la kibandani akisubiri kubadilishiwa plagi, akamwambia Shangazi, "Mayu, mama yetu, wewe unatutengenezea miguu, lakini kukimbia huwezi."

"Masunga," Shangazi akajibu bila kuinua kichwa, "hiyo yako umeifundisha kuimba, ukasahau kuifundisha kwenda."

Wanaume wakapiga makofi. Baba alikuwa amesimama mlangoni mwa duka. Wakati huo ng'ombe wa mahari wa mzee mmoja wa Chato walikuwa wamekwisha kuonekana na kukubaliwa. Alikuwa mgane mwenye mitumbwi, aliyetaka mke wa kumpikia, na Baba alikuwa amemwambia ndiyo bila kumwuliza aliyekuwa akiolewa. Shangazi alikuwa amekataa kwa ukimya, kwa kuendelea na kazi. Basi Baba akaona mlango. Akasema mbele ya wote, kwa sauti ya mtu anayetania, "Dada, mshinde Masunga, na kibanda kitakuwa chako, na mimi sitakutajia mwanamume tena hadi nife. Ukishindwa, utakwenda Chato bila kelele."

Shangazi akaweka spana chini. "Umesema, kaka?"

"Nimesema. Hawa wamesikia."

"Nami nimesikia," akasema, akaokota spana yake.

Miezi iliyofuata ndiyo iliyobaki na utamu kuliko yote niliyoishi katika nyumba ile. Shangazi alikuwa na pikipiki kuukuu aliyoachiwa na mchimbaji aliyeshindwa kuilipia. Akaifumua yote, akatandika vipande juu ya gunia, akaanza kuijenga upya, na kwa kuwa hakuwa na mtu mwingine wa kuzungumza naye, alinieleza mimi.

Nilikuwa nimewaona vibarua wa pamba wakikanyaga pamba ndani ya magunia makubwa, wakirukaruka hadi gunia linakuwa gumu kama jiwe. Alinitolea mfano huo. "Injini hufanya vivyo hivyo kwa hewa na petroli," alisema. "Huvikanyaga kwanza, ndipo huvichoma. Ukikanyaga zaidi, moto unasukuma zaidi." Ili injini yake ikanyage zaidi, aliipunguza hedi, yaani kile kifuniko cha juu cha silinda. Aliisugua juu ya kioo kilichomwagiwa unga wa msasa na oili, akiizungusha kwa viganja viwili siku baada ya siku, hadi nafasi ya ndani ikawa finyu.

Baadaye ikaja kazi ya kemshafti. Ni fimbo yenye matuta inayozunguka ndani ya injini na kufungua valvu. Alinifundisha kuifikiria kama mama aliyesimama mlangoni kwenye harusi: yeye ndiye anayeamua wageni waingie lini, watoke lini, na mlango ubaki wazi kwa muda gani. Shangazi aliongeza chuma kwenye matuta yale, akayanoa kwa tupa ili mlango ukae wazi zaidi. Matokeo yake yalikuwa ya kuchekesha. Pikipiki ikienda polepole, ilikohoa, ikasita, ikatetemeka, kwa sababu pumzi ilirudi nje kupitia mlango usiofungwa mapema. Wapita njia walisema ina kifaduro. Lakini ikipewa mwendo, kikohozi kilikoma ghafla, na sauti ikawa moja, ndefu, kali, ya kumfanya mbwa ajifiche.

"Sasa kuna la tatu," aliniambia, "na hilo ndilo watu husahau. Ukikanyaga hewa sana inapata moto. Petroli mbaya haina subira. Inawaka yenyewe kabla cheche haijaiita, na pistoni ikiwa bado inapanda inapigwa kofi la uso. Kofi likirudiwa, chuma kinayeyuka. Nataka petroli yenye subira."

Petroli ya kwetu haikuwa na subira. Iliuzwa kwenye chupa kando ya barabara, na karibu kila muuzaji aliiongezea mafuta ya taa, na karibu kila pikipiki iliinywa bila kulalamika, kwa kuwa injini za kawaida hukanyaga kidogo. Ya Masunga iliinywa vilevile. Shangazi alipanda lori hadi kwenye kiwanja zilikotua ndege ndogo za watafiti wa dhahabu, akambembeleza rubani, akarudi na dumu moja kifuani kama aliyebeba mtoto mchanga. Alinifungulia nitazame. Petroli ile ilikuwa ya buluu. Nilidhani ni rangi ya angani iliyoingia humo kwa sababu ndege hupita juu, na kwamba pikipiki itakayoinywa itaacha kugusa ardhi. Shangazi hakunisahihisha. Alisema, "Kidogo hivyo."

Asubuhi ya mashindano alijaza tenki kwa mkono wake, dumu likaisha, akaenda kuoga. Mimi nilibaki nyuma ya matairi nikichezea nati. Ndipo Baba akaingia kibandani.

Alikuja na debe tupu na galoni la dukani. Alifungua bomba la chini ya tenki, ile buluu ikatiririka debeni, nyembamba na nzuri, huku yeye akiutazama mlango wa bafu. Alipoona imetosha akafunga, akainua galoni, akamimina tenkini. Harufu yake ikaenea, harufu niliyoipenda kuliko zote. Alipogeuka akaniona.

Hakushtuka. Baba hakuwa mtu wa kushtuka. Alichuchumaa mbele yangu, akatoa pipi ya njiti mfukoni, akaimenya mwenyewe, akaniwekea mdomoni.

"Unajua nimeweka nini?"

"Sijui, Baba."

"Dawa."

Hapo nikaelewa yote, au nilidhani nimeelewa. Nani kwetu asiyejua dawa ya mashindano? Wagika na Wagalu wakikutana kucheza ngoma, kila kundi huwa na mfumu wake, yaani mganga, na mchezaji haingii uwanjani kabla hajapakwa, hajachanjwa, hajapulizwa. Kushindana bila dawa ni kama kwenda kisimani bila ndoo. Baba, ambaye kwa miezi yote ile hakuwa amemwambia dada yake neno jema, alikuwa amekuja kimyakimya kumpa kinga, na alikuwa ameitoa ndani mwake mwenyewe, kwenye kile kile kilichoangaza nyumba za watu. Nilitaka kulia kwa furaha.

"Dawa ikisemwa inapoteza nguvu," akasema. "Umesikia, mama?"

Aliniita mama, kwa kuwa nilirithi jina la mama yake. Nikaitikia kwa kichwa, pipi ikiwa shavuni.

Shangazi aliisukuma pikipiki kutoka nyumbani hadi mnadani ili asiitumie petroli yake bure. Mama yangu hakuja. Alibaki jikoni akipika wali wa wageni kutoka Chato, kwa maana Baba alikuwa amemwagiza tangu jana yake aupike. Uwanja ulikuwa umejaa. Masunga alikuwa amevaa miwani ya jua na kufunga kitambaa chekundu mkononi, akizungukazunguka mbele ya wasichana.

"Shangazi wa watu! Nikupishe njia uwahi jikoni?"

"Wahi wewe," Shangazi akasema. "Mimi nitakukuta umeshaosha vyombo."

Watu wakacheka, lakini nilimwona alivyotazama umati akitafuta uso wa nyumbani. Baba alikuwa amesimama mbali, kando ya mwenyekiti wa kijiji, Mzee Lugwisha, aliyekuwa mwamuzi. Hakuna aliyekuja kumshika mkono. Nikaona si haki aende akidhani yuko peke yake. Nikakimbia, nikamvuta kitenge alichojifunga juu ya suruali, nikamnong'oneza, "Shangazi, usiogope. Baba amekuwekea dawa kwenye tenki."

Akanitazama. Akafungua kifuniko cha tenki, akainama, akanusa.

Nimewaona watu wakipokea habari za misiba tangu siku hiyo, nami mwenyewe nimezipokea. Sijaona uso uliofunga mlango wake haraka namna ile. Alirudisha kifuniko, akakikaza, akaenda hadi kwa Mzee Lugwisha. Nilimfuata nyuma.

"Mwenyekiti, petroli yangu imechafuliwa. Imetiwa mafuta ya taa. Naomba mashindano yaahirishwe."

Minong'ono ikaanza. Mzee Lugwisha alikuwa mtu wa taratibu, alikohoa, akauliza, "Imechafuliwa na nani?"

Shangazi akakaza fundo la kitenge chake.

"Una shahidi?"

Baba alikuwa amesimama hatua chache tu kutoka hapo. Hakumtazama dada yake. Alinitazama mimi, kwa upole, kama mtu anayeuliza kama pipi imeisha. Nami nikamtabasamia, kwa sababu tulikuwa na siri njema, na kwa sababu nilikuwa sijaielewa hata chembe ya yaliyokuwa yakisemwa. Kwangu petroli iliyochafuliwa ilikuwa jambo jingine, na dawa jambo jingine.

Shangazi akanitazama mimi, kisha Baba, kisha mimi tena. Alijua mkono wa kaka yake. Alijua mkanda uliotundikwa nyuma ya mlango, na alijua kwamba yeye, akishinda au akishindwa, angelala kwenye kibanda au Chato, na mimi ningelala katika nyumba ile kwa miaka mingi ijayo.

"Sina shahidi," akasema.

"Basi simama kwenye mstari au ondoka."

Alirudi kwenye pikipiki, akatoa bisibisi, akafungua kifuniko kidogo cha pembeni, akachelewesha cheche kwa kadiri alivyoweza. Hayo nimeyajua baadaye. Alichokuwa akifanya ni kupunguza ukali wa kofi. Hedi asingeweza kuirudishia chuma alichokisugua, na petroli ya wengine pale haikuwa bora kuliko yake. Akienda polepole, mlango ule mpana wa kemshafti ungevujisha pumzi, injini isingekanyaga sana, na pistoni ingepona. Angefika wa mwisho, akikohoa, na pikipiki nzima. Akiipa mwendo wote, ingevuta pumzi kamili, ingekanyaga kwa nguvu zake zote, na mafuta yale yasiyo na subira yangeanza kupiga. Alikuwa amejenga mashine ambayo ingeweza ama kuishi ama kushinda.

Bendera ikashushwa. Ikakohoa mara kadhaa, watu wakapiga kelele "Kifaduro! Kifaduro!" Halafu ikapata ile sauti yake moja, ndefu, na kelele za watu zikakatika.

Wakatokomea kwenye vumbi kuelekea relini. Wanaume walipanda juu ya kuta za zizi. Mmoja wao akasema kwa mshangao, kama anayeudhika, "Mwanamke yuko mbele." Mwingine akasema haiwezekani. Wakageuka relini, wakaanza kurudi, na sasa hata sisi wa chini tuliona: vumbi moja mbele, na vumbi jingine nyuma yake kwa mbali, mbali sana. Nilimtazama Baba. Alikuwa amefumba macho. Alikuwa anasikiliza.

Ndipo nikasikia na mimi. Ndani ya ile sauti ndefu palikuwa na mlio mwingine, wa haraka, kama kokoto zinazotikiswa ndani ya kopo. Nilidhani ni njuga. Nilidhani dawa imeamka na inacheza kama wachezaji wa ngoma wanavyocheza, na njuga zinalia miguuni mwake. Nikaanza kurukaruka na kupiga makofi kwa kufuata mlio ule. Nilipiga makofi, na pistoni ya shangazi yangu ikayeyuka.

Moshi mweupe ulitoka kwanza, kisha mshindo, kisha ukimya. Alikuwa karibu kiasi cha kuonekana meno. Pikipiki ikateleza kwa kasi iliyobaki, ikapungua, ikasimama. Masunga akaja, na alipomfikia hakupita tu; alimzunguka, akirusha vumbi, ameinua kitambaa chake chekundu, ndipo akaenda kuuvuka mstari. Shangazi akashuka. Akashika usukani kwa mikono miwili, akaanza kuisukuma.

Kuna aliyepaza sauti, "Sukuma, Msukuma!" Uwanja wote ukapokea. Wakaimba, wakapigia makofi hatua zake, wanawake wakapiga vigelegele. Watoto wa darasa langu wakatoka kumpokea wakijifanya wanakohoa. Alikuja hivyo hivyo, jasho likichora mistari kwenye vumbi la uso wake, hadi akauvuka mstari.

Baba alimsogelea. Akapangusa tenki kwa kiganja chake taratibu, kama anayempangusa ng'ombe mgonjwa.

"Pole, dada. Ni nini tena?"

Watu wakasogea karibu wasikie. Nami nilikuwa nimesimama katikati yao, nikiwa bado na njiti ya pipi mkononi.

"Nilikaza mno," Shangazi akasema. "Kosa ni langu."

Yale maneno mawili ya kwanza yakawa mali ya umma. Kwa miaka mingi pale Kagongwa, aliyetia chumvi nyingi, aliyefunga mzigo hadi kamba ikakatika, aliyemkemea mkewe hadi akakimbia, wote waliambiwa: umekaza mno kama Milembe.

Mchana ule aliifungua injini wageni wakila wali. Alitoa pistoni, akaipangusa masizi, akaniinulia nione mwanga kupitia tundu. Nilimwuliza, "Shangazi, dawa ilikataa?"

"Haikukataa," akasema. "Ilifanya kazi yake." Kisha akanishika kidevu. "Usimwambie mtu kwamba uliniambia. Hata Mama. Hata ukiwa na hasira."

Aliondoka kesho yake na wageni, bila kelele, kama ilivyokubaliwa. Sanduku la spana Baba alimuuzia Masunga. Kibanda kikawa stoo ya chumvi. Pistoni Baba aliiokota kibandani, akaitazama sana, akacheka peke yake, akatafuta bati na risasi.

Sitasema ni lini nilielewa, kwa sababu hapakuwa na siku moja. Nilielewa kidogo nilipoanza kuuza dukani na kuona jinsi Baba alivyochanganya petroli ya chupa. Nilielewa zaidi siku mwalimu wetu chuoni alipochora silinda ubaoni, akaeleza juu ya mafuta yanayowaka kabla ya wakati na mlio unaofanana na kokoto, na mimi nikaomba ruhusa nikatoka nje. Likizo zote nilizorudi nyumbani nilishika chupa za wateja chini ya tundu lile, kwa kuwa ada yangu ililipwa na yaliyopita humo.

Baba alipougua, mimi ndiye niliyemuuguza. Siku moja mchana, nikimlisha uji, nilimwuliza. Sikuzunguka. Nilisema, "Baba, kwa nini uliweka mafuta ya taa kwenye tenki la Shangazi?"

Hakukana wala hakuuliza ni nani aliyenieleza. Alimeza uji, akafikiri kama mtu aliyeulizwa bei ya kitu asichokiuza tena.

"Angeshinda," akasema.

Nikangoja. Nilidhani lipo jingine linalofuata. Lilikuwepo: alitaka kujua kama faneli bado imetundikwa mahali pake, maana kaka zangu ni watu wa kutupa vitu.

Shangazi hakuja msibani. Alituma salamu kwamba miguu inamsumbua. Nilimfuata Chato faneli ikiwa ndani ya mkoba. Nilimkuta akianika dagaa kwenye chandarua, mjane sasa, mgongo umepinda. Yule mzee wake alikuwa na mitumbwi yenye injini, na katika miaka yote ya ndoa hakumruhusu kuigusa hata moja. Zilipoharibika aliita mafundi kutoka Geita, naye Shangazi aliwapikia.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Mmemzika?"

"Tumemzika."

Nikamwekea faneli mapajani. Aliigeuza, akapitisha kidole gumba kwenye kingo zilizoyeyuka, akachunguza risasi iliyoungwa. Kisha akainusa, kama alivyonusa siku ile.

"Kumbe hakuacha," akasema. "Miaka yote ameendelea kuinywesha."

"Kabla hajafa nilimwuliza. Alisema ungeshinda."

Mikono yake ikatulia. Ziwani mtumbwi ulikuwa ukipita na injini yake ilikuwa ikikosa mwako, tena na tena, na niliona sikio lake likiufuata hadi ulipopotea.

"Alisema kwa kinywa chake?"

"Kwa kinywa chake."

"Nani mwingine alisikia?"

"Hakuna. Mimi tu."

Shangazi Milembe akacheka, kile kicheko cha kibandani nilichokuwa nimesahau kwamba ninakikumbuka. Akanirudishia faneli, akainama tena juu ya dagaa wake.

"Kaka yangu alikuwa mwangalifu," akasema. "Mara zote mbili alijichagulia shahidi yuleyule."